Kimbunga, Tufani na Kuhama: Historia ya Maneno ya Tahadhari kutoka Pwani hadi Igunga

Utangulizi

Kazi ya istilahi mara nyingi hudhaniwa kuwa ni kazi ya kukitafutia jina kitu kipya. Kitu huletwa kutoka nje, hupewa jina, jina huandikwa katika orodha, na kazi huonekana imekwisha. Lakini yako maneno ambayo hayakuletwa na mashine wala na sheria mpya. Maneno hayo yamekuwamo katika lugha kwa muda mrefu, na ugumu wake ni kwamba yamebeba historia ndefu kuliko inavyofaa kwa tangazo la dakika mbili. Maneno yahusuyo upepo mkali, mafuriko na kuwaondoa watu mahali pa hatari ni ya namna hiyo.

Makala haya yanakusudia kuieleza historia ya maneno hayo kwa ufupi, tukifuata njia iliyofuatwa na Kiswahili chenyewe, yaani kutoka pwani kwenda bara kwa njia ya misafara iliyofika Tabora. Tumeichagua wilaya ya Igunga kuwa mahali pa kuyapimia. Igunga iko mbali na bahari, na kwa sababu hiyo hasa inatufaa: neno la tahadhari linaloeleweka Mafia peke yake halijawa bado istilahi ya taifa. Tutajaribu kuonyesha kwamba upungufu mkubwa hauko katika majina ya upepo, ambayo tunayo mengi, bali katika kitenzi kinachomwambia mtu aondoke.

1. Majina ya upepo

Kiswahili kilikulia kwa watu wa bahari. Manahodha wa jahazi walitambua kaskazi na kusi, matlai na umande, na kipindi cha maleleji ambapo upepo haujatulia upande mmoja. Walihesabu siku za mwaka tangu Nairuzi kwa miongo ya siku kumi kumi, na kwa hesabu hiyo walijua ni lini chombo kitweke tanga na ni lini kikae bandarini. Huo ulikuwa utaratibu kamili wa kujihadhari, nao uliendeshwa kwa maneno ya Kiswahili kabla ya kuwapo ofisi yoyote ya hali ya hewa.

Kwa upepo wa kuharibu lugha ina majina kadhaa. Dhoruba, au dharuba, limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya pigo. Tufani na gharika nayo asili yake ni Kiarabu. Kimbunga kwa umbo lake ni neno la Kibantu. Kisulisuli na chamchela ni pepo ndogo zinazozunguka na kuinua vumbi, ambazo mtu wa bara huziona kila kiangazi.

Wafasiri wameyatumia maneno haya kwa namna zisizofanana. Katika Biblia ya Kiswahili maji ya wakati wa Nuhu huitwa gharika, na upepo uliokikumba chombo alichosafiria Paulo huitwa tufani. Katika tafsiri za Korani za Kiswahili, maji hayohayo ya wakati wa Nuhu huitwa tufani, kama yalivyo katika Kiarabu. Kwa hiyo wasikilizaji wawili wa tangazo moja, kila mmoja akiwa amelelewa katika kitabu chake, wanaweza kulisikia neno tufani mmoja akafikiri maji na mwingine akafikiri upepo. Wote wawili wana haki. Mwenye kosa ni mwandishi wa tangazo aliyetumia neno hilo bila kueleza ni lipi linakuja.

Tofauti hiyo si ndogo. Anayeogopa upepo hukaa ndani na kufunga madirisha. Anayeogopa maji hutoka akapanda mahali pa juu.

2. Aprili 1872: habari iliyofuata nyuma ya msafara

Tarehe 15 Aprili 1872, katika miaka ya mwanzo ya utawala wa Sayyid Barghash bin Said, kimbunga kikubwa kilikipiga kisiwa cha Unguja. Vyombo vilivyokuwa bandarini viliangamia kwa wingi, na yakadiriwa kwamba theluthi mbili hivi ya mikarafuu na minazi ya kisiwa ilianguka. Pemba haikudhurika sana, na tangu hapo ndiyo iliyoongoza kwa karafuu. Msiba huo uliwajia watu kwa ghafla kwa sababu Unguja haikuhesabiwa kuwa katika njia ya vimbunga. Karibu na mstari wa Ikweta nguvu ya kuupinda upepo, inayotokana na dunia kujizungusha, ni dhaifu mno, na vimbunga huwa haba. Lakini haba si hapana.

Siku hizo Henry Morton Stanley alikuwa njiani kutoka Unyanyembe kuelekea pwani. Aliagana na Livingstone karibu na Tabora katikati ya Machi 1872, akafika Bagamoyo tarehe 6 Mei. Katika kitabu chake aliandika kwamba alipofika Simbamwene, karibu na Morogoro ya leo, aliukuta mto Ngerengere umefurika na kuubomoa ukuta wa mbele wa mji pamoja na nyumba nyingi. Majira hayohayo yaliyoleta upepo Unguja yalileta maji bara. Watu waliotumwa na Stanley kumfuata Livingstone walifika Unyanyembe Agosti mwaka huo, yaani baada ya mwendo wa miezi miwili na nusu hivi.

Tukio hili lina funzo kwa historia ya msamiati. Maneno ya upepo wa bahari yalifika Tabora yakiwa maneno ya habari. Msafara ulikuja ukasimulia mambo yaliyokwisha kutokea, mbali, kwa watu wengine. Hakuna mtu wa Unyanyembe aliyehitaji kufanya jambo lolote kwa sababu ya neno kimbunga au tufani. Alihitaji kulisikia tu na kustaajabu. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, na redio ilipofuata, mwendo wa habari ulipungua kutoka miezi hadi saa, kisha dakika. Leo neno laweza kutangulia mbele ya upepo wenyewe. Limeacha kuwa habari, limekuwa tahadhari. Lakini katika masikio ya wengi wa bara lingali na ladha ya hadithi ya pwani.

3. Igunga na ardhi yake

Igunga ilifanywa wilaya mwaka 1975, na kabla ya hapo ilikuwa sehemu ya Nzega. Njia kuu ya misafara ya Bagamoyo na Tabora ilipita kusini mwake, lakini misafara ya kaskazini iliikata nchi hiyo. Mwaka 1875 Stanley, katika safari yake ya pili, alivuka mbuga za Wembere akielekea Ziwa Victoria, naye jina hilo aliliandika Luwamberri.

Mbuga hizo ndizo moyo wa suala letu. Mto Manonga na mito mingine humwaga maji yake Wembere, nayo huelekea Ziwa Kitangiri, kisha kwa mto Sibiti hadi Ziwa Eyasi. Hayafiki baharini kamwe. Udongo wake ni mweusi, wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa, na wakati wa masika huvimba, ukayashika maji juu. Kabla ya kujengwa kwa daraja la kudumu la Mbutu katika muongo wa 2010, kuvuka upande wa pili wakati wa mvua kulikuwa ni kuyaweka maisha rehani.

Kimbunga cha bahari hakiwezi kufika Igunga kikiwa kimbunga, kwa maana nguvu yake hutokana na joto la maji ya bahari, nacho hulegea kikipanda nchi kavu. Hata hivyo, kimbunga kinapopita katika Bahari ya Hindi upande wa kusini magharibi, mpangilio wa upepo hubadilika katika nchi nzima. Mara nyingine hewa yenye unyevu huvutwa kutoka Kongo, na mvua kubwa ikanyesha magharibi. Mara nyingine unyevu huondolewa, na mvua ikakatika. Tena bara lina dhoruba zake. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015 mvua ya mawe na upepo viliangusha nyumba katika kijiji cha Mwakata, wilayani Kahama, na watu zaidi ya 40 walikufa. Kijiji hicho kiko mamia ya kilometa kutoka baharini. Kwa hiyo fikra kwamba dhoruba ni jambo la watu wa pwani si sahihi, na istilahi zinazojengwa juu ya fikra hiyo zina kasoro tangu msingi.

Wenyeji wa nchi hii wana maneno yao ya kuigawa ardhi. Katika Kisukuma na Kinyamwezi ardhi hutajwa kwa kushuka kutoka kilimani hadi bondeni: luseni ni ardhi ya mchanga iliyo juu, itogolo ni ardhi ngumu iliyo chini yake, na mbuga ni ardhi nyeusi ya bondeni ambako maji hutuama. Wanasayansi wa udongo waliyachukua maneno haya wakayatumia katika maandishi yao tangu zamani za ukoloni. Mkulima hujua kwayo wapi pa kupanda mtama na wapi pa kupanda mpunga. Lakini maneno hayo ni zaidi ya maneno ya kilimo. Ni ramani ya hatari ambayo kila mtu anayo kichwani bila ya kuchorewa. Anayejua kwamba nyumba yake iko mbugani amekwisha kujua kwamba maji yatamfika yeye kabla ya jirani yake aliye luseni.

Ni jambo la kusikitisha kwamba neno mbuga lilipoenea katika Kiswahili cha taifa zima lilipungukiwa maana. Kwa mwanafunzi wa leo wa Dar es Salaam, mbuga ni mahali pa kutazama wanyama. Maji yametoweka katika neno.

4. Kitenzi kuhama na kumbukumbu zake

Sasa tufike kwenye kiini cha makala. Tangazo la hatari hukamilika kwa agizo, na agizo lililozoeleka katika magazeti na redio ni kwamba wananchi wa mabondeni wahame, au kwamba watahamishwa. Tuitazame historia ya kitenzi hiki.

Mwaka 1968 mto Rufiji ulifurika vibaya. Kufuatia mafuriko hayo Serikali iliwaondoa wakazi wa bondeni na kuwaweka katika vijiji vya ujamaa mahali pa juu. Nia ilikuwa ni kuwaokoa watu na maji, na pia kuwakusanya wapate huduma. Lakini mashamba yenye rutuba yalibaki bondeni. Wakulima waliendelea kushuka msimu kwa msimu, wakikaa katika madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti. Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976, ambayo iliwafikia watu wa Tabora kama ilivyowafikia wa mikoa mingine. Katika miaka hiyo kuhamishwa kulikuwa na maana moja tu: kuacha nyumba na kutorudi. Hata baada ya mafuriko ya Desemba 2011 mjini Dar es Salaam, wakazi wa bonde la Msimbazi waliohamishwa walipelekwa Mabwepande, kwenye viwanja vipya. Huko nako kuhama kulikuwa ni kuhama kabisa.

Kwa hiyo kitenzi hiki kimefundishwa na matukio. Mzee wa Igunga anayeambiwa leo kwamba kijiji kitahamishwa kwa sababu ya mvua hasikii kwamba alale usiku mbili katika shule iliyo mlimani kisha arudi. Anasikia kwamba anapoteza shamba, zizi na makaburi ya wazee wake. Akikataa, tusiseme kwamba ni mkaidi au hajaelimika. Amelielewa neno kama lilivyo. Sisi ndio tuliolitumia mahali pasipo pake.

Neno kukimbia nalo halifai. Mkoa wa Tabora umewapokea wakimbizi kutoka Burundi huko Ulyankulu tangu 1972, na neno mkimbizi limekuwa na maana ya kisheria, la mtu aliyevuka mpaka wa nchi. Vilevile uokoaji si neno lake, kwani uokoaji huanza pale ambapo mtu amekwisha kupatwa na hatari. Jambo tunalolitafutia jina ni la kabla: mtu mzima na mali yake anaondoka kwa hiari, kwa muda, mpaka hatari ipite.

Jambo hilo limekwisha kutendeka nchini mwetu. Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipokaribia, wakazi wa sehemu za chini za Mtwara waliagizwa waondoke. Kimbunga kikapita kusini, kikaingia Msumbiji tarehe 25 Aprili, na watu wa Mtwara wakarudi makwao. Tunakumbusha pia kwamba mji wa Pemba uliotajwa sana katika habari hizo ni ule wa Msumbiji. Mfasiri asiyeongeza jina la nchi aweza kukitia hofu kisiwa kizima. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zilikuwa zimesimamishwa mapema, na barabara ya kwenda Lindi ilikatika kwa mvua. Kuhusu jina lenyewe, watu wengi walishangaa kwamba neno lenye maana ya zawadi limepewa upepo wa kuharibu. Lakini majina hayo huchukuliwa katika orodha iliyopangwa mapema na nchi za eneo hili, nayo hayaelezi tabia ya kimbunga.

5. Maeneo na ngazi za tahadhari

Nchi zilizozoea vimbunga zimeigawa ardhi ya pwani katika maeneo, ili watu waondoke kwa zamu badala ya wote kujazana barabarani kwa wakati mmoja. Katika jimbo la Florida nchini Marekani maeneo hayo huitwa kwa herufi, A ikiwa ya kwanza kuondoka. Mauritius hutumia daraja kutoka ya I hadi ya IV. Bangladesh, baada ya kimbunga cha Novemba 1970 kilichoua watu wanaokadiriwa kuwa 300,000 au zaidi, iliunda mpango wa watu wa kujitolea ambao huzunguka vijijini wakiwa na bendera na vipaza sauti. Funzo la Bangladesh ni kwamba tangazo halijafika mpaka limesemwa na mtu anayejulikana, kwa maneno yanayojulikana.

Hapa kwetu Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutumia ngazi tatu, nazo ni angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, pamoja na rangi ya njano, ya chungwa na nyekundu. Mpango huo ni mzuri na umekwisha kuenea. Udhaifu wake wa lugha ni kwamba katika usemi wa kawaida angalizo na tahadhari hazipishani sana, na anayesikiliza redio haoni rangi. Kwa sababu hiyo kila ngazi yapasa ifuatwe na kitenzi chake.

Herufi za Florida hazitafaa Igunga, wala Mafia. Herufi yahitaji ramani, na ramani yahitaji kubandikwa mahali na kusomwa. Jina la ardhi halihitaji chochote. Tangazo likisema kwamba walio mbugani waondoke leo, walio itogolo wajiandae, na walio luseni wapokee wageni, limeshaigawa wilaya katika maeneo matatu kwa sentensi moja.

6. Mapendekezo

Tunaleta mapendekezo yafuatayo mbele ya wafasiri, walimu na watumishi wa umma.

(a) Kimbunga libaki kuwa istilahi ya upepo mkubwa unaozunguka uliozaliwa baharini. Dhoruba liwe jina la jumla la upepo mkali wenye mvua, pwani au bara, na mvua ya mawe iendelee kuitwa hivyo.

(b) Tufani na gharika yaachiwe fasihi na vitabu vya dini, ambako yana heshima na maana yake. Yasitumiwe katika matangazo ya hatari.

(c) Maji ya bahari yanayopanda kwa kusukumwa na kimbunga yaitwe mjao wa dhoruba. Wako wanaopendelea bamvua la dhoruba. Tunalikataa kwa sababu bamvua hutegemea mwezi, na mvuvi anayeijua kalenda yake anaweza kujiona salama kwa kuwa siku ya bamvua haijafika.

(d) Kuhama na kuhamishwa yatumiwe kwa makazi ya kudumu tu. Kwa jambo tulilolieleza hapo juu tunapendekeza kuondoka kwa tahadhari, na kila tangazo litaje mambo matatu: wanaoondoka ni nani, wanakwenda wapi, na watajulishwaje kwamba wanaweza kurudi.

(e) Mahali pa kupokelea watu paitwe kimbilio. Kambi hukumbusha mahema ya miaka mingi, na hifadhi siku hizi ni ya wanyama.

(f) Mgawanyo wa maeneo ufuate majina ya ardhi yanayotumiwa na wenyeji. Halmashauri ya kila wilaya iyakusanye, na Baraza lipewe nakala.

Tamati

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria nchini, na mwaka 2022 Bunge lilitunga sheria mpya ya usimamizi wa maafa. Maana yake ni kwamba neno tunalolichagua leo katika tafsiri laweza kesho kuwa agizo lenye nguvu ya sheria, na mtu aweza kushtakiwa kwa kutolitii. Hatuna budi kuhakikisha kwamba aliyeagizwa na aliyeagiza wanalielewa kwa namna moja.

Tunawaomba wasomaji wetu, hasa walimu walio katika wilaya za Igunga, Nzega, Kahama na Iramba, watuandikie maneno yanayotumika kwao kwa ardhi inayoshika maji, kwa upepo wa masika, na kwa kuondoka kwa muda. Katika jambo la mwisho hasa tungefurahi kupata kitenzi kimoja kilicho hai, kutoka lugha yoyote ya nchi yetu, kitakachoweza kuchukua mahali pa maneno matatu tuliyoyapendekeza.